Anayepunguza Ndiye Anayehubiri: Juu ya Michoro ya Kompyuta Inayogeuzwa Kuwa Vitu Vidogo

Utangulizi

Tarehe 28 Oktoba 2024 Askofu Mkuu Rino Fisichella, aliyekabidhiwa na Vatikano maandalizi ya Jubilei ya mwaka 2025, aliwaonyesha waandishi wa habari mchoro wa msichana mdogo aliyevaa koti la mvua la rangi ya njano, mabuti yenye matope, rozari shingoni na fimbo ya hija mkononi. Jina lake ni Luce, neno la Kiitaliano lenye maana ya nuru. Aliyemchora ni Simone Legno, msanii Mwitalia na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya tokidoki, ambayo kazi yake ni kubuni wahusika wa katuni na kuwageuza kuwa vitu vya kushikika: sanamu za plastiki, beji, mikoba na vishika funguo. Siku chache baadaye Luce alipelekwa kwenye maonyesho makubwa ya katuni katika mji wa Lucca. Jubilei ilipofungwa tarehe 6 Januari 2026, mchoro ule ulikuwa umekwisha kutoka katika kioo cha kompyuta na kuingia mifukoni mwa watu.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili linatuhusu nini sisi Walutheri. Linatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, Walutheri walitangulia: miaka tisa kabla ya Luce, Martin Luther mwenyewe alifanywa kuwa mwanasesere wa plastiki, na katika kitu hicho kidogo lilizuka suala zito la imani ambalo tutalieleza hapa chini. Pili, kazi hii haiko tena mbali nasi. Kijana mwenye kompyuta na programu ya kuchorea aweza leo kubuni nembo ya kwaya yake, na kwa fedha si nyingi akaipata ikiwa stika, beji au kishika funguo. Idara za vijana, kwaya na hata sharika zinazoadhimisha jubilei zao hufanya hivyo, na mchungaji huombwa kuvibariki vitu hivyo vikiwa vimekwisha kutengenezwa.

Makala haya hayakusudii kuuliza kama vitu hivyo ni sanamu zilizokatazwa. Swali hilo lina jibu lake katika mapokeo yetu, nalo tutaligusa kwa ufupi. Twakusudia kuuliza swali ambalo twaona limesahauliwa: mchoro unapopunguzwa ili uwe kitu cha sentimita chache, ni nani anayeamua kibaki nini na kiondoke nini? Hoja yetu ni kwamba uamuzi huo, ambao huitwa wa kiufundi, ni tafsiri, na tafsiri ni mahubiri. Anayepunguza ndiye anayehubiri.

Karakana kabla ya madhabahu

Ili tuhakiki kwa haki, hatuna budi kuanza karakanani. Mchoro uliotengenezwa kwa mistari ya kompyuta una sifa ya ajabu: hauna ukubwa wake wenyewe. Faili lile lile laweza kufunika ukuta wa kanisa au kukaa juu ya ukucha. Hauna uzito wala mgongo. Mara tu unapopelekwa kwa fundi, huulizwa maswali ambayo msanii hakuulizwa. Uwe sentimita ngapi? Uwe na rangi ngapi? Upande wa nyuma ukoje? Ni sehemu ipi itakayovunjika kwanza?

Beji ya enameli hutengenezwa kwa kukandamiza bamba la metali kwa muhuri wa chuma, hata mistari ya mchoro ikabaki imeinuka kama kuta, na nafasi zilizo kati yake zikawa vijumba vya kutiliwa rangi. Kila rangi yataka kijumba chake. Rangi haiwezi kufifia polepole na kuingia katika nyingine kama ifanyavyo kwenye kioo. Mstari ulio mwembamba mno hunenepeshwa au hufutwa. Kishika funguo cha akriliki hupigwa chapa kwa wino, kisha hukatwa kwa leza kufuata ukingo wa mchoro. Na ukingo huo huachiwa nafasi ya kutosha ili kilicho chembamba, kama vile kidole, fimbo au ncha ya msalaba, kisikatike. Sanamu ndogo yadai zaidi ya hayo. Mchoro wa upande mmoja lazima upewe mgongo, na mara nyingi mgongo huo hubuniwa na mtu mwingine, si yule aliyechora uso.

Hata rangi hubadilika asili. Kwenye kioo cha kompyuta, rangi ni mwanga wenyewe: nyekundu, kijani na buluu zimechanganywa na kurushwa machoni petu. Kwenye kitu, rangi ni wino au enameli isiyo na mwanga wake, ingojayo kuangazwa. Ndiyo maana rangi nyingine kali za kompyuta hazipatikani kabisa katika uchapaji, na fundi huchagua iliyo karibu.

Wanaofanya kazi hii wanajua kwamba hakuna hatua hata moja kati ya hizi isiyo na hasara. Jambo hilo si la kulaumiwa. Mhubiri naye hupunguza: sura nzima ya Warumi huwa mahubiri ya dakika ishirini. Mwaka 1529 Luther alichukua mafundisho makuu ya imani na kuyapunguza yakawa karatasi za kubandikwa ukutani, kisha kijitabu, ndiyo Katekisimo Ndogo. Kwa hiyo Mlutheri ndiye mtu wa mwisho anayeweza kudharau kitu kidogo. Lakini Luther alipopunguza, aliweka kando ya kila kipengele swali linalomtaka msomaji aeleze maana yake. Alijua kwamba kilichopunguzwa bila swali hukaririwa bila kueleweka.

Luce na miguu yake

Tumpime Luce kwa kipimo hicho. Askofu Mkuu Fisichella alieleza alama zake moja moja. Koti la njano lakumbusha bendera ya Vatikano, na pia kusafiri katika dhoruba za maisha. Matope katika mabuti ni dalili ya njia ndefu na ngumu. Ndani ya macho mna umbo la gamba la baharini, ile alama ya kale ya mahujaji wa Santiago de Compostela, nalo ladokeza tumaini.

Twakiri kwamba kwa mchoro wa katuni hayo ni mengi, tena ni mema. Sifa kuu ya Luce ni matope. Katika picha nyingi za watoto zinazotumiwa katika shule za Jumapili, Wakristo huchorwa wakiwa safi, wenye mavazi yaliyopigwa pasi, kana kwamba imani ni kufika na wala si kwenda. Msanii aliyemchafua viatu mhusika wa Jubilei ameelewa jambo ambalo baadhi ya mahubiri yetu hayalielewi: mwenye tumaini hutembea katika njia ile ile ya watu wote, na mvua humnyeshea kama wengine. Mwanafunzi wa theolojia ya msalaba hana sababu ya kuyadharau mabuti hayo.

Lakini tazama hutokea nini Luce anapopunguzwa. Amechorwa kwa mtindo uliokopwa katika katuni za Kijapani, ambao hukuza kichwa na kupanua macho, huku kiwiliwili na miguu vikifupishwa. Katika mchoro mkubwa hilo halidhuru, kwa kuwa jicho la mtazamaji lina nafasi ya kushuka mpaka miguuni. Katika kitu cha sentimita nne au tano, kichwa hujitwalia sehemu kubwa ya nafasi. Matope huwa madoa machache ya kahawia, nayo yaweza kudhaniwa ni mapambo ya kiatu. Gamba lililo ndani ya jicho huwa kinukta cha kung'aa, kama king'aacho katika jicho la mwanasesere yeyote. Kinachosalia bila kudhurika ni uso wa kupendeza na koti la njano.

Kwa maneno mengine, kupunguza kumechagua. Njia imefupishwa na uso umebakizwa. Mashaka ya safari yamefifia na utamu wa utoto umekaa. Hatusemi kwamba mtu yeyote alikusudia hivyo. Twasema kwamba mchoro ulibeba mafundisho yake mazito katika sehemu zake dhaifu, yaani zile zinazopotea kwanza. Laiti mwanatheolojia angaliketi na msanii tangu mwanzo na kumwuliza, "Tukimfanya awe mdogo kama kidole gumba, ni alama ipi ambayo hatukubali ipotee?" huenda matope yangalipanda mpaka kwenye pindo la koti, na fimbo ingalikuwa nene.

Hata hivyo tuseme na upande wa pili, maana uhakiki usiotafuta faida ni nusu ya kazi. Luce wa kwenye kioo ana mwanga wake. Luce wa plastiki hana. Kitu kile kilichoitwa nuru hukaa gizani mpaka mtu afungue dirisha. Kwa Mlutheri, aliyefundishwa kwamba haki yetu hutoka nje yetu na kwamba hatuna mwanga wa kujiangazia, hapo kitu kidogo chasema kweli kuliko mchoro. Aidha kioo husahau: picha moja hufukuzwa na nyingine kwa mguso wa kidole. Kitu hukaa. Huanguka chini ya kitanda, huokotwa, huchakaa, hurithiwa na mdogo wa mtoto. Hudumu mahali pamoja na watu, nayo si sifa ndogo.

Luther wa sentimita saba na nusu

Mfano wa pili uko nyumbani mwetu wenyewe. Mwezi Februari 2015 kampuni ya Kijerumani ya Playmobil ilitoa mwanasesere wa Martin Luther, mwenye urefu wa sentimita saba na nusu, akiwa na joho, kofia, kalamu ya unyoya na Biblia iliyofunguliwa. Alitengenezwa kwa ajili ya maandalizi ya mwaka 2017, miaka 500 ya Matengenezo ya Kanisa, kwa ushirikiano wa mashirika ya utalii na Kanisa la Kilutheri la Bavaria. Wanasesere 34,000 wa kwanza waliisha kwa saa 72. Kufikia mwaka 2017 walikuwa wamezidi milioni moja.

Umbo lake lafuata sanamu ya Luther iliyochongwa na Johann Gottfried Schadow na kusimamishwa sokoni Wittenberg mwaka 1821. Humo Luther ameshika Biblia iliyofunguliwa mahali ambapo Agano la Kale lakoma na Agano Jipya laanza. Mwanasesere naye alipewa kurasa mbili zenye maandishi. Upande mmoja paliandikwa kwa Kijerumani kwamba hivi ni vitabu vya Agano la Kale, na chini yake, kwa herufi kubwa, neno MWISHO. Upande wa pili palitajwa Agano Jipya lililotafsiriwa na Daktari Martin Luther.

Micha Brumlik, mwanazuoni Myahudi wa Ujerumani, alilihoji neno hilo. Je, watoto wafundishwe kwamba Agano la Kale limekwisha? Tena wafundishwe hivyo mkononi mwa Luther, ambaye mwaka 1543 aliandika kitabu kikali dhidi ya Wayahudi, kitabu ambacho Walutheri wamekuwa na sababu ya kukionea haya? Mwaka 1983, katika mazungumzo yao na Wayahudi huko Stockholm, wajumbe wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kutamka waziwazi kwamba matamshi hayo ya Luther hayawezi kukubaliwa. Na sasa, zaidi ya miaka thelathini baadaye, neno moja la plastiki lilionekana kusema kinyume. Katika toleo la mwaka 2017 neno hilo liliondolewa.

Wako waliosema wakati ule kwamba lawama hiyo ilikuwa imezidi. Walikumbusha kwamba katika vitabu vya kale ilikuwa desturi ya mpiga chapa kuweka neno hilo mwishoni mwa sehemu, bila nia ya kufundisha neno lolote juu ya maagano. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo hasa inayothibitisha tunayoyasema. Ndani ya kitabu chenye kurasa mamia, neno hilo ni kibao cha njiani, na msomaji hulipita. Katika kitu chenye maneno machache tu, neno lile lile huwa tangazo. Halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni idadi ya maneno yaliyolizunguka. Kitu kidogo hupaza sauti ya kila kinachosalia ndani yake.

Hili ndilo tunalotaka wanafunzi wetu walishike. Mhubiri aliyekosea sentensi moja mimbarani ana nafasi ya kuisahihisha kabla ya Amina. Mwandishi huongeza maelezo. Kitu kidogo hakina nafasi ya kujieleza, wala hakiwezi kuitwa kirudi kutoka nyumba laki kadhaa. Toleo la pili halikuwafuata watoto waliokuwa na toleo la kwanza.

Demetrio na mahujaji

Mtu asidhani kwamba mambo haya yameletwa na kompyuta. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, chatueleza habari za Demetrio wa Efeso, mfua fedha aliyetengeneza vihekalu vidogo vya Artemi na kuwapatia mafundi wenzake faida kubwa. Hekalu lenyewe halikubebeka, kihekalu kilibebeka. Luka ameandika kwa uangalifu mkubwa: Demetrio aanza kwa kuwaonya wenzake juu ya riziki yao, kisha ndipo aingiapo katika heshima ya mungu wa kike. Mpangilio huo ni uhakiki tosha. Mwenye kuuza vitu vidogo vya dini na achunguze ni lipi linalotangulia katika hotuba yake.

Katika karne za kati mahujaji wa Ulaya walinunua beji za risasi na bati kuonyesha mahali walikofika. Huko Einsiedeln, Uswisi, mwaka 1466 ziliuzwa beji 130,000 katika majuma mawili. Johannes Gutenberg mwenyewe, kabla ya kuchapa Biblia, aliingia ubia huko Strasbourg ili kutengeneza vioo vidogo vya metali kwa ajili ya mahujaji wa Aachen, ambao waliaminiwa kwamba wangeinasa baraka ya masalio kwa vioo hivyo. Hija iliyotazamiwa mwaka 1439 iliahirishwa mpaka mwaka uliofuata, na ubia ule ukaishia mahakamani. Mtu yule yule aliyelipatia neno la Mungu herufi za metali alikuwa amejaribu kwanza kuwauzia watu mwangaza wa masalio. Karakana ni ileile. Kilichotofautiana ni kama kitu kimebeba neno au kimebeba mng'ao tu.

Luther hakufuata njia ya kuvunja. Aliporudi Wittenberg mwezi Machi 1522, alihubiri mfululizo dhidi ya wale walioharakisha kuondoa picha makanisani kwa nguvu. Picha, kwake, si wajibu wala si dhambi; zaweza kutumika kwa kukumbusha na kufundisha, na zatupasa kuachwa pale watu wanapozitumainia. Hilo latosha kujibu swali la sanamu. Lakini katika zama zake hatari kubwa haikuwa picha ukutani. Ilikuwa ile karatasi ndogo ya msamaha wa adhabu, iliyopigwa chapa kwa wingi, yenye nafasi tupu ya kujazwa jina la mnunuzi. Kanisa letu lilizaliwa katika ubishi juu ya kitu kidogo kinachouzwa. Ndiyo maana mwezi Mei 2017 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilipokutana Windhoek, Namibia, lilichagua kukiri kwamba wokovu hauuzwi. Hatusemi kwamba mwanasesere wa Luther ni cheti cha msamaha. Twasema kwamba kanisa lililokiri hivyo Windhoek lina wajibu wa kuvitazama mara mbili vitu vinavyouzwa kwa jina lake.

Waridi lililopoteza rangi

Upo mfano wa namna bora, nao umo katika nembo yetu wenyewe. Tarehe 8 Julai 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Luther alimwandikia Lazarus Spengler wa Nuremberg kumweleza maana ya muhuri wake. Msalaba ni mweusi, kwa kuwa hufisha na huumiza. Lakini umo ndani ya moyo ambao hubaki na rangi yake ya asili, kwa kuwa msalaba hauui bali huhuisha. Moyo umewekwa katika waridi jeupe, rangi ya roho na malaika, kuonyesha kwamba imani huleta furaha isiyo ya ulimwengu huu. Waridi lipo katika uwanja wa rangi ya mbingu, mwanzo wa furaha ijayo, nalo limezungukwa na pete ya dhahabu isiyo na mwisho. Mwaka huo huo mwana wa mfalme Johann Friedrich alimpa Luther pete yenye muhuri huo.

Hapa tuna mchoro uliogeuzwa kuwa kitu kidogo kuliko beji, pamoja na barua ya kuufafanua. Maana imebebwa na rangi. Sasa tuuangalie muhuri huo unapopigwa leo katika kishika funguo cha metali tupu, rangi moja, kwa sababu rangi tano zina gharama zaidi. Umbo lote lipo: msalaba, moyo, waridi, pete. Lakini msalaba na moyo sasa vina rangi moja. Kifishacho na kihuishwacho havitofautiani tena. Sheria na Injili, ambazo twatumia miaka kadhaa darasani kujifunza kuzitofautisha, zimeyeyushwa pamoja na fundi asiye na kosa, aliyepewa agizo lisilo na maelezo. Anayekibeba kitu hicho amebeba alama ya kuwa yeye ni Mlutheri. Ungamo lenyewe halimo.

Tufanyeje? Si lazima kulipia rangi tano. Msalaba waweza kuchimbwa kwenda ndani na moyo ukainuliwa juu, hata kidole gizani kikaona tofauti. Lakini jambo hilo halitafanyika kama anayeagiza hajui kwamba ipo tofauti ya kulindwa. Ufundi hutoa njia. Kinachopasa kulindwa huamuliwa na theolojia.

Somo la kanga

Katika pwani yetu na bara hatukuanza jana kubeba picha zenye maana. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi yaliyo chini ya mji. Kanga isiyo na jina huonekana ina upungufu, hata ikiwa na mji mzuri namna gani. Mama wa pwani anaponunua kanga husoma kwanza, ndipo anapolitazama ua. Hii ni busara ya kikatekisimo ambayo hatukuletewa na mmisionari yeyote: picha isitoke nyumbani bila neno.

Busara hiyo twaisahau tunapotengeneza vitenge vya jubilei. Mchoro hupangwa kwenye kompyuta, nembo ya dayosisi katikati na uso wa askofu katika duara, na kwenye kioo wapendeza. Kisha kitambaa hufika kwa fundi cherehani, naye hukata apendavyo kwa kuwa gauni lina mahitaji yake. Matokeo yake kila mmoja wetu ameyaona: uso wa askofu umekaliwa, na waridi la Luther limegawanywa na mshono wa ubavuni. Watu hucheka, nasi twacheka pamoja nao. Lakini kicheko hicho kinafundisha. Aliyebuni mchoro alifikiri kitambaa kilichotandazwa. Hakufikiri mwili utakaokivaa. Ndivyo ilivyo kwa beji na stika. Mchoro wapaswa kubuniwa kwa kuanzia mwisho wake, yaani mkono, begi, mlango wa basi na mvua, siyo kwa kuanzia kwenye kioo.

Hitimisho

Bwana wetu aliwahi kushughulika na kitu kidogo chenye mchoro. Katika Marko 12:13-17 aliomba aletewe dinari, akaitazama, kisha akawauliza waliomtega sura ile ni ya nani na maandishi yale ni ya nani. Na baada ya jibu lao akasema kila kilicho cha mtu kirudishwe kwa mwenyewe. Hakukitupa kile kitu, wala hakukisujudia. Alikisoma.

Twapendekeza wachungaji na wanafunzi wafanye vivyo hivyo kabla agizo halijaenda kwa fundi. Tuuliize mchoro: katika ukubwa huu mdogo, sura inayosalia ni ya nani? Ni ya Kristo na njia yake, au ni ya kiongozi, ya kwaya, ya mtoto mzuri asiye na safari? Tuulize maandishi: neno lililosalia, likisomwa peke yake na mtu asiyewahi kutusikia, lasema nini? Walioandaa Luther wa plastiki walilipata jibu la swali hili kwa kuchelewa. Na tuulize kurudisha: fedha inayopatikana yaenda wapi, na je, mnunuzi anafahamu kwamba amechangia kazi, wala hakununua baraka?

Mchungaji anayeitwa kubariki sanduku la beji zilizokwisha kutengenezwa ameitwa akiwa amechelewa. Nafasi yake ilikuwa siku ile kijana alipoketi na kompyuta yake, akijiuliza ni mstari upi aufute ili mchoro utoshe. Siku hiyo mahubiri yalikuwa yakiandikwa, nayo yatasikika katika nyumba ambazo mchungaji huyo hatafika. Kijana yule hana haja ya kukatazwa. Ana haja ya mwenzi atakayeketi kando yake na kumwambia ni mstari upi usiofutika.